Barua Pepe Isomeke Hata kwa Asiyeona

Tangazo hilo lilikuwa la nafasi za kazi, na lilitoka mezani pangu. Nililituma asubuhi kwa wakaazi waliojiandikisha kupata habari kwa barua pepe. Kwenye mada niliandika neno moja, "TANGAZO". Ndani niliandika, "Tafadhali tazama kiambatisho." Kiambatisho chenyewe kilikuwa kurasa nne zilizochapishwa, zikatiwa saini na muhuri, kisha zikaskaniwa. Faili iliitwa kwa nambari ambayo mashine ya kuskani iliipa yenyewe.

Siku chache baadaye, Jumatano, mkaazi mmoja akapiga simu. Ni kijana mwenye diploma, haoni tangu utotoni. "Samahani, bwana afisa," akasema, "hilo tangazo lenu linasema nini hasa?" Nilidhani analalamikia masharti ya kazi. Kumbe alikuwa anauliza alichokiuliza. Simu yake ilikuwa imemsomea mada, ikamsomea sentensi yangu moja, na alipokifungua kiambatisho ikanyamaza. Alikuwa amemwomba jirani amsomee, na jirani, akiwa na haraka zake, akamwambia siku ya mwisho ya kutuma maombi ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Nilimsomea tangazo lote kwa simu, kisha nikamtumia nakala iliyoandikwa. Maombi yake yaliingia Alhamisi usiku.

Wote waliolisoma tangazo hilo kwa macho hawakuona kasoro yoyote, mimi nikiwa wa kwanza. Ndiyo sababu ya makala haya. Nawaandikia maafisa wenzangu, lakini pia kila mkaazi anayetuma barua pepe kwa watu wengi: mwalimu mkuu anayewaandikia wazazi, katibu wa chama, karani wa ushirika, msimamizi wa kikundi cha vijana. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Wakenya 333,520 wenye umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na shida ya kuona. Baadhi yao hawaoni kabisa, wengine wanaona kwa taabu. Si wote watakaopiga simu kuuliza.

Anavyosoma asiyeona

Watu wengi wakisikia kuwa mtu asiyeona anasoma barua pepe hudhani kuna mtu wa kumsomea, au kwamba lazima barua ichapishwe kwa Breli kwanza. Sivyo. Simu na kompyuta za leo zina programu inayoitwa kisoma-skrini. Kazi yake ni kuchukua maandishi yaliyo kwenye skrini na kuyatamka kwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha Breli chenye vipini vidogo vinavyoinuka na kushuka chini ya vidole. Simu nyingi za Android huja na kisoma-skrini kiitwacho TalkBack. Simu za iPhone zimekuwa na VoiceOver tangu mwaka wa 2009. Kwenye kompyuta za Windows mna Narrator, ambayo imo ndani tayari, na kuna JAWS, ambayo ni ya kununua na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Asiye na pesa za leseni hutumia NVDA, ambayo haitozwi hata shilingi. Ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, akishirikiana na mwenzake James Teh, naye pia haoni.

Mwenye macho akifungua barua hutupa jicho ukurasa mzima kwa mara moja: anaona kichwa, anaona tarehe iliyokolezwa, anaona mahali pa kubonyeza. Anayesikiliza hupata neno moja baada ya jingine, kama mtu anayesikiliza redio. Hilo halimfanyi kuwa msomaji wa polepole. Waliozoea huiharakisha sauti kiasi kwamba mimi nikitega sikio nasikia mvumo tu. Nao huruka-ruka. Kwenye kompyuta, kwa kubonyeza herufi H mtu hutoka kichwa kidogo kimoja hadi kingine, kwa T hufika kwenye jedwali, na kwa amri nyingine huletewa orodha ya viungo vyote vilivyomo katika barua.

Njia hizo za mkato hufanya kazi tu iwapo aliyeandika aliweka vichwa vya kweli, majedwali ya kweli na viungo vyenye majina. Kukoleza wino na kuongeza ukubwa wa herufi hakuufanyi mstari kuwa kichwa. Kwa kisoma-skrini huo ni mstari kama mistari mingine. Katika Word au Outlook, kichwa cha kweli hupatikana kwa kuchagua mtindo wa kichwa katika menyu ya mitindo. Mtazamaji haoni tofauti yoyote, ila kwa msikilizaji ni tofauti kati ya kitabu chenye yaliyomo na gunia la karatasi.

Karatasi iliyopigwa picha

Hapa ndipo penye tatizo kubwa katika ofisi za umma, na ndipo nilipokosea mimi. Ukiskani karatasi, mashine haisomi maneno bali inaipiga picha karatasi hiyo. Wewe unaona sentensi, lakini ndani ya faili hamna hata herufi moja, mna vidoa vyeusi na vyeupe. Kisoma-skrini kikifika hapo husema ukurasa ni mtupu, au hakisemi lolote.

Kinachouma ni kwamba maandishi yalikuwepo. Hebu fuata safari ya tangazo la kawaida. Mtu ameliandika kwa kompyuta, herufi kwa herufi, na lote linasomeka. Amelichapisha. Mkubwa ametia saini. Muhuri umegongwa. Karatasi imeskaniwa na kurudi kwenye kompyuta ile ile ilikotoka, sasa ikiwa picha. Tumetumia wino, karatasi na nusu saa kuharibu kitu kilichokuwa kizima.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Muhuri una uzito wake. Mkaazi akiona tangazo lisilo na muhuri, hasa la kazi au la zabuni, anashuku ni la matapeli, na ana haki ya kushuku. Sisemi tuache muhuri. Nasema tutume vyote viwili: nakala yenye saini na muhuri kwa atakayetaka kuthibitisha, na maneno yenyewe yakiwa ndani ya mwili wa barua pepe. Kunakili na kubandika ni kazi ya dakika moja. Tangazo likiwa refu mno, ambatisha faili ya Word, au PDF iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka Word kwa amri ya kuhifadhi kama PDF. Kuna mtego mdogo hapo ambao wengi hawaujui. Ukitengeneza PDF kwa amri ya kuchapisha, yaani ukichagua PDF kana kwamba ni printa, maneno yatabaki lakini alama za vichwa na majedwali zitapotea. Hifadhi, usichapishe. Na uipe faili jina la kueleweka. "Tangazo la kazi za wauguzi, Machi" linamwambia mtu anachofungua. Nambari ya mashine haimwambii chochote, hata mwenye macho mazuri.

Wapo watakaosema siku hizi kuna programu zinazosoma picha. Ni kweli. NVDA yenyewe inaweza kujaribu kuyatambua maandishi yaliyo ndani ya picha. Kwenye simu kuna Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft. Kuna pia Be My Eyes, iliyoanza Denmark mwaka wa 2015, ambapo asiyeona humpigia mtu wa kujitolea simu ya video na kumwomba amtazamie kitu. Zote ni msaada mkubwa mtu anapotaka kujua kama pakiti aliyoshika ni ya unga wa ngano au wa mahindi. Lakini programu inayokisia herufi hukosea mahali pale pale ambapo kosa lina gharama: muhuri uliogongwa juu ya tarehe, ukurasa ulioskaniwa ukiwa umepinda, jedwali la safu tano, nambari ya akaunti ambamo 8 inafanana na 3. Zaidi ya hayo, simu ya video inataka bando.

Kisha kuna mambo yasiyofaa kupitia macho ya mtu mwingine. Hati ya mshahara. Barua ya nidhamu kutoka kazini. Matokeo ya vipimo vya hospitali. Barua ya benki yenye salio. Mtu mzima anapolazimika kumwomba mwanawe, au kijana wa saiba, amsomee kama ana ugonjwa au hana, siri yake imekwisha kuwa ya watu wawili kabla yeye mwenyewe hajaijua. Nimesikia wenzangu wakisema, "Si atapata mtu wa kumsomea?" Atapata. Swali ni kama wewe ungekubali barua zako zote zisomwe hivyo.

Mabango na nembo

Bango la rangi linavutia, na sisi wa mawasiliano tunayapenda. Likitumwa kama picha pekee, asiyeona husikia neno "picha", au jina la faili, basi. Dawa yake ni maelezo ya picha, maandishi mafupi yanayokaa nyuma ya picha bila kuonekana na kusomwa na kisoma-skrini. Katika Word na Outlook, bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Alt Text", kisha uandike. Programu yako ikiwa haina nafasi hiyo, andika maneno yale yale chini ya picha. Hapo hata mwenye simu ambayo picha imekataa kufunguka atakushukuru.

Andika kile ambacho bango linasema, si jinsi lilivyo. "Bango la kaunti" halina msaada. "Chanjo ya mifugo bila malipo, Jumanne tarehe 14, uwanja wa soko, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana" ndilo bango lenyewe. Picha ya kiongozi akifungua kisima inatosha kwa sentensi moja. Hatuhitaji rangi ya tai yake. Picha ya urembo tu, kama mstari wa maua, iwekewe alama kuwa ni pambo ili kisoma-skrini kiiruke.

Nembo katika saini ni kero ya pekee. Saini yenye nembo ya kaunti, nembo ya idara, alama za mitandao ya kijamii na bango la kampeni ya mwezi humlazimisha msikilizaji apite vitu vitano visivyo na jina kila mara unapomjibu "Asante, nimepokea". Barua ikiwa imejibiwa mara sita, nembo zimo mara sita. Weka jina, cheo, idara na nambari ya simu kwa maandishi, na nembo moja yenye maelezo, yatosha. Vikatuni vya hisia navyo hutajwa kwa majina, kimoja kimoja. Ukiweka vitano vya kupiga makofi, msikilizaji atapigiwa makofi mara tano kabla hajajua habari yenyewe.

Haya yote yanahusu pia vikundi vya WhatsApp, ambako matangazo ya wadi, mazishi na michango hutumwa kama mabango. Andika maneno chini ya picha.

Mambo madogo ya kurekebisha leo

Mada ya barua ndiyo mlango. "TANGAZO", "MUHIMU" na "Habari" hazimsaidii mtu mwenye barua arubaini za kupitia kwa masikio. "Basari ya kaunti: mwisho wa maombi ni tarehe 30 Juni" inamwambia kama asimame au apite.

Usiandike "bonyeza hapa". Nilitaja kwamba kisoma-skrini kinaweza kutoa orodha ya viungo vyote. Orodha yenyewe ikiwa ni "hapa, hapa, hapa, hapa", mtu atachaguaje? Kiungo kiitwe kwa jina la kinakompeleka: "Fomu ya maombi ya basari". Anwani ndefu ya mtandao iliyobandikwa kama ilivyo ni mbaya zaidi, kwa sababu husomwa herufi na alama moja moja hadi mwisho.

Rangi isiachwe peke yake kubeba habari. "Walioteuliwa wameandikwa kwa kijani" haimfai asiyeona, wala mwenye macho mazuri asiyetofautisha kijani na nyekundu. Ongeza neno "ameteuliwa" mbele ya jina.

Jedwali lina mahali pake. Orodha ya wadi thelathini na nafasi zake inasomeka vyema katika jedwali lenye safu mlalo ya kwanza ya vichwa na lisilo na visanduku vilivyounganishwa. Kisoma-skrini humwambia msikilizaji yuko safu gani, na visanduku vilivyounganishwa huvuruga hesabu hiyo. Lakini kwa mambo matatu tu, andika sentensi tatu.

Kwa wenye uoni hafifu mambo ni tofauti kidogo. Wao hawasikilizi, wanakuza. Maandishi ya kweli yakikuzwa hubaki safi na kujipanga upya kwenye skrini, ilhali maandishi yaliyo ndani ya picha hufifia na kukimbilia nje ya ukingo. Tumia herufi za ukubwa wa 12 au zaidi, zipangwe kuanzia kushoto, na rangi iachane vizuri na mandhari yake. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Huna haja ya kupiga hesabu hiyo kila siku: kijivu juu ya nyeupe na njano juu ya nyeupe hazifai, nyeusi juu ya nyeupe inafaa.

Sauti ya Kizungu, maneno ya Kiswahili

Jambo hili silioni katika miongozo ya kigeni, nasi tunalihitaji kuliko wao. Kisoma-skrini hutamka kwa lugha kilichowekewa, na simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza. Sauti hiyo ikikutana na "aandike jina lake", neno la mwisho hulitamka kama Mwingereza anavyotaja ziwa. "Wake" linakuwa kuamka, "pale" linakuwa rangi iliyopauka, na "vile" linakuwa uovu. Maneno marefu kama "yatakayoshughulikiwa" hugeuka uji. Waliozoea hufumbua mafumbo hayo kichwani wakiendelea kusikiliza, lakini ni kazi inayochosha, na tangazo la masharti ya mkopo si mahali pa mafumbo.

Sauti za Kiswahili zipo. Ile iitwayo eSpeak NG, inayokuja ndani ya NVDA, ina Kiswahili, na Android nayo ina sauti ya Kiswahili ya kupakua katika mipangilio ya usomaji. Ya eSpeak inasikika kama ya mashine, hilo silifichi, lakini Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, basi haikosei sana. Mwandishi naye ana sehemu yake. Kwanza, barua moja iwe ya lugha moja. Ikibidi lugha mbili, weka Kiswahili chote, kisha Kiingereza chote. Tabia yetu ya kuanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza, au kuzipanga lugha mbili bega kwa bega katika safu mbili, humlazimisha msikilizaji kubadili sauti katikati ya wazo. Pili, katika Word unaweza kuteua maandishi na kuyawekea alama kwamba lugha yake ni Kiswahili. Visoma-skrini vinavyoweza kubadili sauti vyenyewe huifuata alama hiyo.

Saa ndizo zenye hatari kubwa. Ukiandika "mkutano ni saa 3:00", je, ni saa tatu asubuhi yetu, au ni saa tatu ya Kizungu, yaani saa tisa alasiri? Mwenye macho ana shida hiyo pia, ila yeye huona bango jingine au picha ya ratiba na kujisahihisha. Anayesikia sauti ya Kiingereza ikisema tatu kamili atafika saa tisa alasiri, na kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti kitakuwa kimefungwa. Andika kwa maneno: "saa tatu asubuhi". Tarehe nazo ziandikwe "tarehe 4 Mei", kwa maana 4/5 inaweza pia kusomwa kuwa Aprili 5.

Nambari ya simu inayoanza na 254 ikiandikwa mfululizo, baadhi ya sauti huisoma kama bilioni mia mbili na kitu. Igawe kwa nafasi katika mafungu ya tarakimu tatu tatu. Kichwa kilichotanuliwa hivi, T A N G A Z O, husomwa herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Vifupisho navyo viandikwe kwa ukamilifu pale vinapotokea mara ya kwanza. Wengi wetu hatujui nusu ya vifupisho vya idara zetu wenyewe.

Jisikilize mwenyewe

Njia bora ya kujua kama barua yako inasomeka ni kuisikiliza. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Enter, na Narrator itaanza kusema. Bonyeza hivyo hivyo kuizima. Fungua barua uliyotuma jana, fumba macho au zima skrini, kisha ujaribu kutafuta siku ya mwisho ya maombi. Mimi nilifanya hivyo na lile tangazo langu la kazi. Sikumaliza dakika mbili.

Kwenye simu ya Android, TalkBack imo katika mipangilio, sehemu ya ufikivu. Tahadhari moja: ukiiwasha, namna ya kugusa hubadilika. Kugusa mara moja kunasoma, kugusa mara mbili kunafungua, na kusogeza ukurasa kunataka vidole viwili. Nimewaona watu wazima wakidhani simu imeharibika na kuipeleka kwa fundi. Jifunze kuizima kabla hujaiwasha.

Word na Outlook zina pia kikaguzi, chini ya menyu ya "Review", kiitwacho "Check Accessibility". Kitakuonyesha picha zisizo na maelezo na majedwali yasiyo na vichwa. Kitumie, lakini usikiamini kupita kiasi. Kinajua kwamba maelezo yapo. Hakijui kama yana maana. Ukiandika "picha" kwenye maelezo ya picha, kitakupitisha.

Afadhali zaidi, muulize mtu asiyeona. Katika kila wadi wapo, na wanaotumia simu kila siku wanajua kasoro za barua zetu kuliko kikaguzi chochote. Muda wake na bando lake vilipwe, kama tunavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.

Ukiwa ndiwe usiyeweza kuisoma

Kuomba nakala inayosomeka si kuomba hisani. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Breli au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inamtaka afisa amsaidie asiyeweza kuandika ombi kwa sababu ya ulemavu. Jibu linapaswa kutolewa haraka iwezekanavyo, na lisipite siku 21. Ukinyimwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na kiwango cha kitaifa cha KS 2952 cha mwaka wa 2022 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya mawasiliano.

Lakini tangazo linalofungwa Ijumaa haliwezi kungoja siku 21. Kwa hivyo mjibu aliyekutumia, siku hiyo hiyo, kwenye barua ile ile, na useme wazi unachotaka. Maneno kama haya yanatosha:

"Kiambatisho cha tangazo la nafasi za kazi mlilotuma leo ni picha, na kisoma-skrini changu hakiwezi kukisoma. Naomba mnitumie maandishi yake ndani ya barua pepe au kwa faili ya Word, kabla ya mwisho wa kesho, kwa kuwa maombi yanafungwa Ijumaa. Iwapo haitawezekana, naomba afisa anisomee kwa simu kwa nambari iliyo hapa chini. Naomba pia niongezewe siku za kutuma maombi kulingana na siku nitakazokuwa nimepoteza."

Sentensi ya mwisho wengi huiacha kwa aibu. Iandike.